Mume wangu alistaafu akalifuata jua la Kigoma, na sasa dhoruba inataka kuturudisha kwao

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kigoma. Mimi ni muuguzi mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na kidogo, mzaliwa wa Ujiji. Mume wangu ni Mdenishi, naye ametimiza miaka sabini na mmoja. Tulifahamiana mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokuja na mafundi wa kwao walioikarabati meli ya MV Liemba, tukaoana, tukahamia Denmark, na huko tukafanya kazi hadi tulipostaafu wote wawili. Tulipokuwa tukijadiliana tutazeekea wapi, yeye ndiye aliyesisitiza Kigoma. Alikuwa amechoshwa na Desemba za kwao, ambazo jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri.

Nyumba yetu iko mlimani upande wa Bangwe, ikitazama ziwa. Kiwanja kiko kwa jina langu, kwa kuwa mume wangu si raia, na ramani aliichora mwenyewe: baraza pana upande wa magharibi ili tulione jua likizama nyuma ya milima ya Congo, milango mikubwa ya kioo inayofunguka ukuta mzima, na paa la mteremko mdogo lililotokeza mbele zaidi ya mita mbili ili tupate kivuli. Fundi alimwambia kwamba paa hilo limelala mno, lakini alijibiwa kuwa huku hakuna theluji ya kulilemea. Kila alipozungumza na ndugu zake kwa simu, mume wangu alikuwa akijisifu kwamba amehamia mahali ambapo mtu hana haja ya kuuliza hali ya hewa.

Mwezi Machi mwaka huu, mnamo saa kumi alasiri, baada ya mchana wa jua kali na joto la kufukuta, wingu jeusi lilitokea ng'ambo ya ziwa, na kabla sijamaliza kuanua nguo upepo ulikuwa umekwisha kufika. Paa la baraza liling'oka lote pamoja na mbao zake, likachukua na sehemu ya bati za sebuleni, likaenda kuangukia shamba la mihogo la jirani. Mvua ya mawe ikafuata, na katikati ya hayo yote radi ikapiga mwembe ulio nyuma ya jiko, ikapita kwenye waya wa antena, ikaunguza televisheni, friji na mitambo ya sola. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia.

Tangu siku hiyo mume wangu amebadilika. Wingu likitanda, hata likiwa la kupita tu, huanza kuizunguka nyumba akifunga madirisha, na usiku akisikia ngurumo za mbali upande wa Congo hukaa kitako hadi alfajiri. Kinachonishangaza ni kwamba mtu huyuhuyu alikuwapo dhoruba kubwa ilipoipiga Denmark tarehe 3 Desemba 1999, ile iliyolaza misitu chini, na kesho yake akanywa kahawa yake kama kawaida. Sasa anasema Kigoma imemdanganya, na anataka tuuze nyumba turudi kwao kabla ya msimu ujao wa mvua. Mimi sitaki kuzeekea kwenye baridi, tena mama yangu mzazi yuko Ujiji na hana mwingine wa kumtunza.

Wakati huohuo kaka yangu mkubwa anashikilia kuwa radi ile ilitumwa, na anamtaja jirani yuleyule aliyeangukiwa na bati zetu, kwa sababu tuliwahi kutofautiana naye kuhusu mpaka. Anataka tumlete mtaalamu aisafishe nyumba. Mume wangu aliposikia hayo alicheka, kaka akaondoka amenuna, na hawajasalimiana hadi leo. Kampuni ya bima nayo imetuandikia kwamba bima yetu ni ya moto, hivyo madai yetu yote hayahusiki. Zaidi ya hapo kuna dalali anayedai kuwa na mnunuzi, na anayetushauri kwamba fedha hizo zitatosha kununua kiwanja chini ufukweni na kujenga nyumba ndogo, ambako kwa maneno yake upepo haufiki kwa nguvu. Mume wangu ameanza kumsikiliza, akiona hiyo ni njia ya kati kati yangu na yeye.

Je, nimfuate mume wangu, nimsikilize kaka, au nikubaliane na dalali?

Mama wa Bangwe, Kigoma

Jibu la Mshauri

Dada yangu wa Bangwe, poleni sana kwa yaliyowapata.

Nitaanza na msimamo wangu ili usome mengine ukijua ninakoelekea: msiuze nyumba kabla hamjaitengeneza, msimfuate dalali ufukweni, na mtu yeyote asiruhusiwe kulitaja jina la jirani yenu katika jambo hili. Nyumba yenu ilijengwa kwa kulifikiria jua peke yake, na kosa hilo hurekebishwa kwa gharama ndogo mno kuliko gharama ya kuhama bara zima mkiwa na umri mlio nao.

Unashangaa kwamba mumeo aliivumilia dhoruba ya 1999 lakini hii imemvunja, nami nadhani jibu la tatizo lenu limo humo. Dhoruba za Ulaya ya kaskazini huzaliwa katika bahari ya Atlantiki na kusafiri hadi nchi kavu huku watabiri wakizifuatilia, kwa hiyo watu hutangaziwa mapema, wakaingiza vyombo ndani, wakafunga madirisha na kungoja. Dhoruba yenu haikuwa na safari ya namna hiyo. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na miaka mingine hadi Mei, upepo wenye unyevunyevu huingia Kigoma kutoka misitu ya Congo, joto la mchana huipandisha hewa hiyo kwenye miteremko ya milima iliyolizunguka ziwa, na ziwa lenyewe, ambalo maji yake ya juu huwa na nyuzi joto zipatazo 25 hadi 27 mwaka mzima, huongeza mvuke. Wingu linaweza kuanza dogo adhuhuri na kufikia kimo cha zaidi ya kilomita kumi kabla ya alasiri. Mvua na mawe vikianza kushuka ndani yake huburuta hewa baridi, hewa hiyo ikigonga ardhi haina pa kwenda ila kusambaa pembeni, na huo ndio upepo uliowafikia kabla hata ya tone la kwanza. Baada ya saa moja au mbili wingu limekwisha kufa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaweza kutangaza leo kwamba kesho mkoa wa Kigoma utapata ngurumo na upepo mkali, lakini hakuna mtabiri popote duniani anayeweza kukuambia siku moja kabla kwamba kitakachopigwa ni kilima chenu, saa kumi alasiri.

Kwa hiyo sioni kwamba mumeo amekuwa mwoga, wala kwamba Kigoma imemdanganya. Amezoea tabia ya nchi inayobisha hodi, akakutana na isiyobisha. Wastaafu wengi wa kigeni wanaokuja kuishi nchi za joto hupiga hesabu ya nyuzi joto tu, wakasahau kwamba joto likikutana na unyevu ndivyo dhoruba inavyozaliwa, na kwamba mashariki ya Congo, mnakokutazama jioni kutoka kwenye baraza lenu, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani. Haya mwambie bila kumkejeli. Na kama kukosa usingizi na kushtuka kutaendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja tangu siku ile, nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni akamwone daktari, apimwe na presha. Wewe ni muuguzi, unajua kwamba wanaume wa umri huo husema hawana neno hadi siku wanapoanguka.

Sasa tuje kwenye paa, ambalo naomba ulichukulie kuwa kiini cha barua yako. Upepo mkali ukipita juu ya paa lililolala huwa hauligandamizi, bali hulifyonza kwenda juu, na nguvu hiyo huwa kubwa zaidi kwenye kingo na pembe. Paa lililotokeza mita mbili mbele ya baraza lililo wazi hupokea msukumo mwingine kutoka chini, na milango mikubwa ikiwa wazi upande wa upepo huku upande wa pili wa nyumba umefungwa, hewa hujaa ndani na kuongeza msukumo huo. Umeandika pia jambo moja ambalo fundi mzuri angelishika mara moja: paa liling'oka pamoja na mbao zake. Zingeng'oka bati peke yake ningesema tatizo ni misumari, lakini ikiwa kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ziliondoka nazo, basi kenchi hizo hazikuwa zimefungwa kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya ukuta; zilikuwa zimekalishwa tu juu ya ukuta kwa uzito wake na misumari michache.

Mtafuteni fundi aliyeezeka nyumba za mlimani ambazo bado zina paa. Akate lile tokeo la mbele libaki kiasi cha nusu mita au zaidi kidogo, ainue mteremko, na aezeke baraza kwa paa lake lenyewe lililotengana na la nyumba, ili siku likiondoka lisiondoke na sebule. Kila kenchi ifungwe kwenye lenta kwa mikanda ya chuma au kwa nondo zilizozamishwa kwenye zege, nguzo za baraza nazo zishikwe chini kwa zege, papi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati, zikaribiane zaidi kwenye kingo, na misumari ya bati iongezwe hukohuko kwenye kingo ambako upepo huanza kufunua. Bati muwe waangalifu nazo: namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba, kwa hiyo geji 28 ni nene kuliko 32, hata kama muuzaji atazungumza kana kwamba kubwa ndiyo bora. Milango ya kioo iwekewe mbao za kufunga kwa nje upande wa ziwa. Kazi hii asimamie mumeo mwenyewe. Hakuna fundi wa meli anayeacha shehena sitahani bila kuifunga eti kwa sababu leo ziwa limetulia, na paa lenu lilikuwa shehena isiyofungwa. Akiliona hivyo, naamini mikono yake itapata kazi usiku badala ya kungoja ngurumo.

Kuhusu radi, nina maneno kwa pande zote mbili. Radi hupendelea kilicho kirefu na kilichosimama peke yake, na ninyi mko juu ya kilima, mna mwembe mmoja mkubwa nyuma ya jiko, na mna antena juu ya nyumba ambayo waya wake unaingia hadi sebuleni. Umeme huo ulifuata njia mliyoutengenezea. Fundi umeme mwenye leseni aje apime ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, aiweke upya ikibidi, aweke na kinga ya radi kwenye nyumba na kwenye mitambo ya sola, na antena ihamishwe kutoka karibu na mwembe. Wingu likitanda, kabla ngurumo hazijaanza, chomoeni vyombo kwenye soketi na kung'oa waya wa antena; zikianza, msioge wala kuosha vyombo kwenye bomba, na mtu aliye nje aingie nyumbani au ndani ya gari. Najua watu wa Ujiji mmekua chini ya miembe na huwa mnaikimbilia mvua inapoanza, lakini chini ya mwembe ndipo mahali pabaya kuliko pote wakati wa radi. Mkisikia mlio sekunde tatu baada ya mwanga, jueni radi imepiga umbali wa kilomita moja hivi, na hapo mtu anapaswa kuwa amekwisha kuingia ndani.

Kaka yako anastahili heshima, na kucheka kwa mumeo kulikuwa ni kumvunjia heshima mkubwa wa nyumba mbele ya dada yake. Mumeo aende mwenyewe, si wewe kwa niaba yake, amsalimie shemeji yake, amwombe radhi kwa kicheko, na asilete mjadala wa sayansi siku hiyo. Lakini kuhusu jirani usiyumbe hata kidogo. Mchawi gani hutuma dhoruba ikamtupia yeye mwenyewe mabati shambani na kumharibia mihogo? Hukuniandikia kama mlikwenda kumpa pole, nami nahofia hamkwenda. Nendeni wiki hii, mkaone mihogo iliyovunjika na mkaifidie bila kungoja kudaiwa. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa watu wasio na hatia, hasa wanawake wazee, wameuawa kwa maneno yaliyoanzia kwenye kikao cha ndugu kama hicho chenu. Kaka yako akitaka kuilinda nyumba ya dada yake, mwombe awatafutie fundi umeme anayemwamini, awepo siku ya kazi, na ale chakula cha mchana pamoja nanyi.

Bima isiwakatishe tamaa mapema. Bima ya moto kwa kawaida huhusisha pia hasara iliyosababishwa na radi, ilhali dhoruba na mafuriko huwa ni nyongeza zinazolipiwa pembeni. Someni mkataba wenu ukurasa kwa ukurasa, kisha mgawanye madai mawili: moja la paa, ambalo huenda likashindwa kweli ikiwa nyongeza haikununuliwa, na lingine la vyombo vilivyounguzwa na radi, kama vyombo vya ndani vimetajwa kwenye bima hiyo. Ambatanisheni picha, taarifa ya fundi umeme na vifaa vyenyewe vilivyoungua, msivitupe. Kampuni ikikataa tena kwa maandishi bila kueleza sababu inayoeleweka, mnaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Dalali ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Congo, na kwa sababu hiyo kina chake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua za miaka mingi. Katika karne ya 19 lilipanda hadi mwaka 1878, maji yalipopata nguvu ya kulifumua lango la Lukuga lililokuwa limeziba. Likapanda tena baada ya mvua kubwa za mwaka wa Uhuru, 1961. Na katika miaka hii ya 2020 limepanda kiasi cha kuingia majumbani na barabarani Bujumbura, Uvira na Kalemie, na fukwe za Kigoma nazo hazikusalimika. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo kiwanja kinachosifiwa kwa kuwa ufukweni kabisa kinaweza kuwa hakijengeki kihalali. Na hilo la kwamba upepo haufiki, mwulize mvuvi yeyote wa Kibirizi jinsi upepo wa kusini unavyolichafua ziwa kati ya Mei na Agosti, mbingu zikiwa safi bila hata wingu.

Fahamu pia kwamba ingawa hati ina jina lako peke yako, hiyo ni nyumba ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, haimruhusu mwanandoa mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Yeye hawezi kukuburuta, nawe huwezi kumfungia, na hivyo hamna budi kuzungumza. Katika mazungumzo hayo liweke mbele jambo la mama yako, kwa sababu katika barua yako ulilitaja kwa nusu sentensi, na nadhani hata nyumbani umekuwa ukilitaja hivyohivyo. Mumeo anaweza kudhani unachokataa ni baridi ya Denmark tu, ambayo angekununulia koti zito; mama mzazi asiye na mtu ni suala lingine, na ana haki ya kulijua kwa uzito wake.

Kuhusu wakati, Juni hadi Septemba ndipo mafundi wanapoweza kufanya kazi kwa utulivu. Akitaka kuwaona ndugu zake, aende katikati ya kipindi hicho, kwa kuwa kwao ni majira ya joto na jua huchelewa kuzama, lakini arudi kabla ya ngurumo za kwanza za Oktoba, akae chini ya paa alilolisimamia mwenyewe na kuusikia upepo ukipita juu yake. Ifikapo Desemba kaeni muulizane upya. Ikiwa bado hatalala usiku wa mvua, basi mjadala wa kuhama utakuwa wa haki, na unaweza kuwa wa kuhamia mji mwingine wa Tanzania au wa kugawana mwaka kati ya nchi mbili, si lazima uwe wa kuondoka moja kwa moja. Dalali mwambieni arudi wakati huo, na mnunuzi wake akiwa ni wa kweli mtamwuzia nyumba yenye paa kamili kwa bei yake halali, si nyumba iliyofunikwa turubai ambayo anajua mnataka kuikimbia.

Mshauri